Jogoo Wangu Alivyotolewa Mahari Lugazi

Watu wakisikia nafuga kuku swali la kwanza ni natoa trei ngapi za mayai kwa wiki. Nikiwaambia mimi nafuga kuku wa kushindanisha, wa kuangaliwa tu, wananitazama vile unavyomtazama mtu aliyemshonea mbuzi suti. Ila huu ugonjwa ukikuingia hautoki. Kule Marekani wana kitabu cha vipimo tangu 1874, kila aina ya kuku imeandikwa upanga wake uweje, rangi ipi, uzito gani, na jaji anamgeuza kuku juu chini kutafuta kasoro. Sisi huku ni kakikundi tu ka wafugaji, tukasema wacha tufanye kashindano ketu Jinja, vizimba vya kuazima, jaji daktari wa mifugo mmoja mstaafu ambaye sijawahi kumuona akicheka.

Mimi nilikuwa na Brahma. Jogoo mweupe, shingo nyeusi, mkia mweusi, miguu imevaa manyoya mpaka kidole cha kati. Jina lake Afande, maana alivyokuwa anatembea pale uani hata mbwa wa jirani alikuwa anampisha.

Sasa kuku wa shoo haendi hivi hivi, lazima aoge, na aoge siku mbili tatu kabla ili manyoya yarudishe mafuta yake. Beseni la kwanza maji ya vuguvugu na sabuni, la pili maji yenye siki kidogo ya kutoa sabuni, la tatu maji matupu. Mswaki kwa kucha na magamba ya miguu. Nilidhani atapigana, kumbe yule jamaa akishaingia kwenye maji ya moto anafumba macho na kulala kabisa. Shida ikaja kukausha. Sina draya, nikambeba mpaka saluni ya Mama Zaituni, nikapanga foleni na wanawake, zamu yetu ikafika akakausha vizuri tu halafu akanitoza shilingi 5,000 kama mteja mwingine, nikauliza mbona bei kamili, akasema huyu ana nywele nyingi kukushinda wewe. Nikalipa. Asubuhi ya safari nikampaka vaselini kwenye upanga na ndevu, aking'aa weh!

Tulikuwa tumeambiwa tufike siku moja kabla kuku atulie. Nikapanda takisi pale Kampala, Afande kwenye boksi la mafuta ya kupikia lenye matundu, kondakta akalitia nyuma. Tulipofika Mukono akapanda mama mmoja amevaa gomesi, lile gauni la sherehe la Kiganda, linalong'aa na vijana wawili wenye kanzu na koti, wamechelewa kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, wenzao walishatangulia na magari. Na wao wana boksi. La mafuta ya kupikia. Lenye matundu.

Mimi nilikuwa nimesinzia, nasikia tu Lugazi, Lugazi, watu wanashuka mbio mbio, kondakta anatupa mizigo, twende. Kule Najjembe ndani ya msitu wa Mabira wale wauza kuku wa kuchoma wakatuvamia dirishani na vijiti vyao kama kawaida, nikageuka kuliambia boksi usiangalie Afande, ndani kukajibiwa na kasauti kembamba hivi. Nikajua ni baridi ya msitu.

Jinja nafungua mbele ya wenzangu wote, nimeshawasifia wiki nzima kwenye simu. Anatoka kajogoo kekundu, miguu mitupu, kembamba, kamefungwa utepe wa dhahabu shingoni. Tukatazamana. Mwenzangu mmoja akauliza kwa upole kabisa, huyu ni aina gani?

Nikachukua boda mpaka Lugazi na boksi mapajani. Kutafuta nyumba haikuwa kazi, unafuata spika. Nafika kumbe wako pale pale kwenye jogoo. Kwa wasiojua, kwa Waganda bwana harusi lazima alete jogoo wa muko, yule kaka wa bibi harusi, na muko akishampokea ndiyo mambo yameisha, dada ameondoka. Na muko huyo hapo, mwalimu wa hesabu, mtu mzima mwenye kanzu nyeupe, amemkumbatia Afande wangu, wageni wamesimama wanapiga vigelegele, hawajawahi kuona kuku wa hivyo. Wamemfunga miguu kwa kamba ya mgomba.

Nikaita kwa uchungu, "Afande!"

Akaitika askari wa kweli, alikuwa amekaa meza ya mbele na sahani yake. Akaja kunishika mkono, kijana kuna shida gani hapa.

Nikaeleza yote, nikatoa na kale kajogoo kekundu kama ushahidi. Yule mama wa gomesi akaapa hajawahi kuniona maishani. Mwogezi, yaani msemaji wa bwana harusi, akanivuta pembeni, akaniambia ssebo, bwana, nakuelewa, lakini kuku akirudishwa maana yake ndoa imekataliwa, unataka hawa watu waanze upya na ng'ombe wote wale? Nikaenda kwa muko mwenyewe, nikapiga magoti kabisa, nikamwambia mzee huyu si kuku wa kula, hii aina ni ya heshima sana, Malkia Victoria wa Uingereza alipelekewa zawadi Brahma kutoka Marekani mwaka 1852.

Muko akamtazama Afande upya. "Kwa hiyo huyu ni wa malkia, na wewe unataka nikurudishie nichukue hako?"

Hapo nikajua nimeharibu zaidi.

Wakakaa kikao, mashangazi wakaingia, nikaletewa matooke, saa tatu usiku hukumu ikatoka: kuku ni wa muko, ila muko anakubali aende kushindana, mradi waende wote. Asubuhi tukafika Jinja watatu, mimi, Afande, na mwalimu bado na kanzu ile ile na koti. Kwenye fomu pale pa mwenye kuku akaandika jina lake.

Jaji akaanza. Akakunjua bawa, akapuliza manyoya kutafuta chawa, akapima uzito, akagusa upanga. Mimi jasho tu. Akafika miguuni akanyamaza. Ile kamba ya mgomba ilikuwa imevunja manyoya ya mguu wa kushoto yote, yamebaki vijiti, na kwa Brahma miguu ndiyo kila kitu. Akaandika. Mwalimu akauliza umekata alama ngapi, akaambiwa, akatoa kalamu akapiga hesabu mgongoni mwa fomu, akasema haiwezekani, mguu mmoja ni nusu ya miguu, huwezi kukata alama za miguu miwili. Wakabishana mpaka kuku wengine wakaanza kuwika. Mwisho mwalimu akamnyanyua Afande juu watu waamue wenyewe, na Afande, ambaye usiku kucha alikuwa amelishwa pilau la sherehe, akaachilia mzigo wote kwenye kanzu.

Yule daktari akacheka siku hiyo. Tukapewa namba tatu.

Kale kekundu niko nako nyumbani, matetea yangu ya Brahma wamekapenda na sasa vifaranga wanatoka wamevaa soksi nusu. Juzi nikampigia mwalimu, nikamwomba Afande aje kwangu hata wiki moja tu, kwa ajili ya kizazi. Akasema hakuna shida kabisa, niandike barua, nije na mwogezi, na nisisahau jogoo wa muko.