"Mmh" ya Fundi

Makadirio ya kwanza fundi aliyaandika ubavuni mwa boksi la vigae. Mistari minne tu: vigae, sinki, kabati, ufundi. Nikamshika mkono kwa furaha. Jiko zima limeenea mistari minne, mimi sikushtuka.

Kesho yake akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama daktari, akasema, "Mmh."

"Mmh nini tena, fundi?"

"Plasta imeachia, bosi. Nikibandika vigae juu yake, vitakudondokea pamoja nayo."

Mstari wa tano huo. Akaweka pima maji sakafuni, kipovu kikakimbilia pembeni kama kinadaiwa. "Mmh." Wa sita. Halafu akaja kwenye kona. Akapima futi 3 ukuta huu, futi 4 ukuta ule, kisha akavuta tepu ya mshazari toka alama hadi alama. Ingesoma futi 5, kona ingekuwa skweya. Ikasoma 5 na inchi moja. Hapo "mmh" ilikuwa ndefu, nikajua ni ya maboksi.

"Vigae huwa tunaongeza asilimia 10, vya kukatwa na vya kuvunjika. Kwa kona hii, bosi, weka 15."

Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Fundi mwongo unamfukuza. Huyu alikuwa ananionyesha kwa tepu. Ilipofika wiki ya pili alishamaliza pande zote za boksi na sisi tunapikia barazani. Nyumbani ikawa fundi akivuta pumzi tu, mke wangu ananitazama mfukoni.

Ndipo nikapata akili. Vigae vya zamani vilikuwa bado havijabomolewa, na kubomoa kumeandikwa mstari wake peke yake. Kubomoa kuna ufundi gani? Jumapili, fundi hayupo, nikachukua nyundo na tindo.

Kigae cha kwanza kilitoka chenyewe kama ganda. Cha pili, cha tatu, hivyo hivyo. Nikaanza hadi kupiga mluzi. Cha nne, pale juu ya koki ya sinki, kikaleta ubishi. Nikakipa moja ya nguvu. Tindo ikazama mpaka katikati, ukuta ukanijibu "psss", na kabla sijaelewa, maji yakanipiga usoni.

Nikaziba kwa kidole gumba. Yakatulia, lakini sasa nimegeuka kuwa sehemu ya bomba. Nikitoa kidole, nyumba inaogelea.

"Funga koki kuu!" nikapiga kelele.

"Iko wapi?" mke wangu akauliza kutoka nje.

Iko chini ya mchanga. Lundo zima la mchanga wa plasta, ule wa mstari wa tano, tulilimwaga juu yake, na aliyesema limwagwe pale ni mimi. Akaanza kuchimba kwa bakuli. Mimi nimesimama, mkono juu, maji yananitiririka kwapani hadi kwenye soksi. Alipochoka akaja na simu, akanibandika sikioni.

"Fundi, nimetoboa bomba."

"La juu ya koki?"

"Umejuaje?"

"Bosi, bomba la ukutani kwa kawaida linapanda au kushuka wima na koki yake. Pale hapapigwi tindo, panapapaswa." Akanyamaza kidogo. Nikafumba macho, maana nilijua kinachokuja. "Mmh."

Hata kwenye simu ilikuwa na bei.

Alifika koki ikiwa imeshafungwa na mke wangu amekaa juu ya lundo la mchanga, bakuli mkononi, hataki kuongea na mtu. Fundi akakagua tundu, akakagua plasta iliyolowa, akakagua mbao za kabati mpya nilizoziegemeza ukutani, chini zimeshaanza kuvimba. Boksi lilikuwa limejaa, akaomba karatasi. Akaandika mstari juu ya mstari bila kusema neno, kisha akainuka, akavihesabu vile vigae sakafuni, akarudi kukata kitu kidogo pale chini kabisa.

"Bosi, kwenye kubomoa nimekupunguzia vigae vitatu. Hivyo umevitoa vizuri mwenyewe."