Mpira Je, Umetoa?

Baridi ya kwanza kuishi nayo ilinikuta mjinga kabisa, yaani hata nyuzi hasi 15 nilikuwa sijui ni kitu gani. Gari ikagoma kuwaka, maji ya waipa yakaganda kwenye chupa lake nikawa naendesha kichwa nje ya dirisha kama kondakta, na usiku mmoja mvua ikanyesha halafu baridi ikafuata palepale, asubuhi navuta mlango wa gari haufunguki, mpira wa mlango umegandana na bodi, nikavuta kwa hasira kitasa kikabaki mkononi. Wiki nzima naingilia kwenye buti na kutambaa juu ya viti mpaka kwenye usukani, na mimi nina kitambi. Basi nikaapa, mwaka unaofuata baridi hainikuti nimelala.

Wiki tatu kabla nikaanza kazi. Mama watoto akawa ananiita injinia, ingawa kwa sauti ile huwezi kujua anakusifia au anakupiga kijembe.

Gari ndo ilikuwa rahisi. Mwaka wa nyuma nilikuwa najazia rejeta maji ya bomba tu, safari hii nikaweka nusu kulanti nusu maji ya betri, yale masafi yasiyo na madini, siyo asidi, mchanganyiko huo unavumilia mpaka kama hasi 37. Betri nikapima. Matairi nikafunga yale ya baridi, maana yale mengine joto likishuka chini ya nyuzi 7 yanaanza kukakamaa kama ndala za zamani, na upepo nikaongeza kidogo kwa sababu hewa ikipoa inasinyaa, asubuhi ya baridi unakuta tairi limelegea ukadhani una pancha. Mipira ya milango nikaipaka silikoni yote minne, ya buti nikaipaka mara mbili kwa heshima ya tulikotoka.

Ndani ya nyumba nikabandika zile nailoni za madirishani, unazibana pembeni na tepu halafu unapitisha drayari ya nywele zinakaza mpaka zinalia kama ngoma. Drayari ilikuwa ya mama watoto. Dirisha la nne ikatoa harufu ikazima na haijawahi kuwaka tena, tuyaache hayo, hiyo kesi imeshaisha.

Sasa bomba la nje, lile la kuoshea gari. Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna bomba zimetengenezwa makusudi kwa ajili ya baridi, ukiziangalia kwa nje ni koki ya kawaida tu lakini shina lake limeingia ukutani kama futi moja hivi, na penyewe panapofunga maji ni kule ndani kwenye joto, siyo hapa nje unapozungusha. Ukifunga, maji yaliyobaki kwenye lile shina yanachuruzika yenyewe yanatoka nje na bomba linabaki tupu, baridi ikija haina cha kugandisha. Kitu kizuri sana. Mimi nilikuwa nalo hilo na nilikuwa najua nalo, nikalifunga, halafu juu yake nikazungushia sponji la godoro, nikaweka nailoni, nikazungusha solotepu, likawa kama kichanga kimetoka leba. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia.

Kwenye ile picha ukiangalia vizuri, pale chini ya sponji, unaona mpira wa maji wa kijani unatokeza. Nilikuwa nimeukunja vizuri nikautundika ukutani lakini sikuuchomoa kwenye koki, nilisema nitaosha gari mara moja ya mwisho jumapili, kisha ndo niuchomoe.

Jumapili yenyewe kulikuwa na mechi.

Nipo nimekaa, simu inaita, shemeji. Huyu ni kaka wa mama watoto, kakaa na baridi miaka mingi kuliko sisi na ndiye mshauri wetu mkuu. Mtandao ulikuwa unakatakata, na mimi jicho liko kwenye tivii, kipyenga cha mwisho ndo kwanza kimelia. Akaniambia shem leo usiku inashuka vibaya, umejiandaa? Nikamwambia kila kitu tayari. Akauliza, "Mpira je, umetoa?" Mimi nikasikia mpira je, umetoka? Nikamjibu, "Umetoka sare." Yeye kwa mtandao ule akasikia "nimetoa sahivi". Akasema safi sana shem, hapo umeokoka. Nikajiuliza sare imeniokoa nini, mbona yeye siyo hata shabiki wa timu yangu, ila nikaona ananifariji tu. Tukaagana.

Baridi ikaja na jamani nilitamba. Gari inawaka asubuhi kwa stata moja, milango inafunguka, mimi nimesimama nje na kikombe mkononi namwangalia jirani anakwangua barafu kwenye kioo na kadi ya benki, namtikisia kichwa. Kwenye grupu la familia nikawa natoa darasa kila wiki, mtu akisema tu kuna baridi kwao namtumia sauti ya dakika nne. Na bomba la nje kimya, hata tone. Kila nikipita nalipiga kofi kidogo begani.

Kumbe lilishakufa zamani. Maji yaliyobaki kwenye shina yalitaka kuchuruzika yakakuta mpira umejaa maji mbele yao, pa kutokea hapana, yakagandia humohumo, na maji yakiganda yanavimba kama asilimia 9. Bomba likapasukia ndani ya ukuta. Halafu ubaya wake, kwa vile panapofunga ni ndani zaidi ya pale palipopasuka, koki ikiwa imefungwa halivuji kabisa. Linakusubiri wewe ulifungue.

Baridi ikaisha. Gari ilikuwa nyeupe kwa chumvi ya barabarani, ile wanayomwaga kuyeyusha barafu, ukiiacha inakula bodi. Wikiendi hiyo shemeji alikuwa amekuja kututembelea, amefika usiku wa manane, tumemlaza kile chumba cha chini ya nyumba maana ndo cha wageni, kimetulia, hakina kelele za watoto. Asubuhi nikasema kabla mgeni hajaamka ngoja gari ing'ae.

Nikavua sponji taratibu. Nikafungua koki, mpira ukatoa maji kidogo, yaani kama mtu anakojoa ana mawazo. Nikaongeza. Ukatoa vilevile. Nikasema presha ndogo leo, nikazungusha mpaka mwisho, nikaosha bampa moja huku nalaani watu wa maji. Dakika kama saba hivi. Nilisikia sauti ya mchuruziko mahali fulani nikafurahi kabisa, nikasema theluji ya mwisho hiyo inayeyuka kwenye mifereji ya paa.

Kijana wangu wa miaka sita akatokea mlangoni na pajama.

"Baba, kwa anko kunanyesha."

"Mvua hainyeshi ndani, acha uongo, nenda kapige mswaki."

Akaondoka. Akarudi. "Baba, anko anaogelea."

Nikaacha sabuni pale. Nafika juu ya ngazi ya kule chini, shemeji anapanda, kajifunga shuka kiunoni, mkononi ana simu yake ameinamisha inatoa maji kwenye tundu la chaji, na kichwani amebandikwa kipande cha silingi bodi kilicholowa, kimekaa kama kofia ya mahafali. Nyuma yake majaketi yetu yote ya baridi, yaliyofuliwa yakakunjwa yakapangwa na mama watoto siku mbili kabla, yanaelea. Na mimi koki bado nimeiacha wazi maana nimechanganyikiwa, maji yanaendelea.

Shemeji hakupiga kelele. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Shemeji. Nilikuuliza kuhusu mpira."

"Ulisema umetoka?"

"Nilisema UMETOA."

"Mi nikakwambia umetoka sare!"

"Mi nikasikia nimetoa sahivi!"

Tumesimama tunapigiana kelele za sare na sahivi, mama watoto akatupita pale kwenye ngazi bila neno, akaenda nje akafunga koki, akarudi, akatupa kila mmoja ndoo.

Fundi bomba alipokuja hata hakuniuliza nini kimetokea. Alikata jipsamu, akachomoa lile shina, akanionyesha mpasuko wake, mrefu kama kidole cha mwisho, katikati umevimba na kufunuka kama mdomo wa samaki. Akauliza swali moja tu, mpira ulikuwa umefungwa? Shemeji akajibu kabla yangu, kutoka kwenye kochi, amevaa suruali yangu inayomfika kwenye ugoko.

Kile kipande cha bomba mama watoto alikiosha, akakiweka pale kando ya tivii, karibu na picha ya harusi. Nikikaa kuangalia mechi lazima nikione, na shemeji akipiga simu siku za mechi hata salamu hatoi siku hizi, anauliza tu, "Hosi paipu?"