Mhamiaji wa Hispania Ananyimwa Historia

Tangu 2015, mgeni anayeomba uraia wa Hispania sharti afaulu mtihani wa katiba na utamaduni uitwao CCSE, na kama hatoki nchi inayozungumza Kihispania, afaulu pia mtihani wa lugha wa kiwango cha A2, yaani cha msingi. Wengi wanaona hata hayo yamezidi. Hoja yao ina uzito: mama anayelala kwa mwajiri akiuguza mzee, mwenye mapumziko ya Jumapili tu, anahitaji kwanza kuelewa maelezo ya dawa na mkataba wake wa kazi. Historia, kama vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936, inaweza kusubiri.

Lakini huo mzigo wa historia uko wapi? CCSE ina maswali 25, na ukipata 15 umefaulu. Maswali 15 ni ya serikali, sheria na haki za raia. Ya utamaduni, historia na jamii ni 10 tu. Hesabu mwenyewe: mtu anaweza kuyakosa yote 10 na bado akapita. Tena yote yanatoka katika orodha ya maswali 300 ambayo Instituto Cervantes, taasisi ya serikali inayoendesha mtihani huo, huitoa bure, watu wakayakariri, wakafaulu, wakasahau.

A2 itakufikisha sokoni na hospitali. Ukishapanda hadi B2, ngazi ya juu zaidi, kinachokukwamisha mara nyingi si msamiati. Wenzako kazini wanazungumzia mwili wa Franco, dikteta aliyeshinda vita vile, uliofukuliwa tarehe 24 Oktoba 2019 kutoka mnara wa Valle de los Caídos ulikozikwa 1975. Mmoja anapandisha sauti, mwingine ananyamaza kwa sababu babu yake aliyeuawa enzi hizo bado yumo kwenye kaburi la halaiki. Kila neno umelisikia, ila hujui kwa nini meza imepoa.

Isitoshe, historia ndiyo inayodai sarufi ngumu. Tarehe 12 Oktoba Hispania husherehekea sikukuu ya taifa, kumbukumbu ya Columbus kufika Amerika 1492. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1968, Guinea ya Ikweta, koloni lake la Afrika, ilijitoa mikononi mwake. Mwalimu akiziweka mbele ya darasa lenye Waafrika, wanafunzi wataanza kubishana: Wahispania wangalibaki ingalikuwaje, nani angalinufaika. Kauli hizo za masharti ndizo zinazowatesa wanafunzi wa ngazi ya juu, na hapo wanazitumia kwa sababu wana la kusema.

Kwa hiyo ninayotaka ni madarasa ya historia ya Jumapili, ya bure, yasiyo na mtihani, ili na yule mama mwuguzi apate nafasi.