Je, mwema asiye Myahudi ana fungu katika ulimwengu ujao?

Zaburi ya 9 inasema waovu watarudi kuzimu, mataifa yote wanaomsahau Mungu. Marabi wawili walioishi Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70 waliusoma mstari huo wakatofautiana kabisa. Rabi Eliezer alisema hakuna mtu wa mataifa, yaani asiye Myahudi, mwenye fungu katika ulimwengu ujao. Rabi Yoshua akamjibu: Maandiko yangeishia kwenye "mataifa yote" ningekubali, lakini yameongeza "wanaomsahau Mungu"; basi wapo wenye haki miongoni mwao, nao wana fungu. Mabishano hayo yamo katika Tosefta, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi.

Tusimhukumu Eliezer haraka. Katika siku zake Warumi waliteketeza nyumba ya Mungu wake, na kumsahau Mungu kulionekana kuwa ndiyo desturi ya mataifa yaliyomzunguka. Tena hoja yake ina uzito: kama wokovu unapatikana nje ya agano, Israeli waliubebea nini mzigo wa Torati?

Lakini Talmud, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi, inasimulia kwamba alipoulizwa kuwaheshimu wazazi kunafika wapi, Eliezer huyo huyo alimtaja Dama bin Netina, mtu wa mataifa wa Ashkeloni. Wenye hekima walitaka kununua kwake vito vya vazi la kuhani mkuu, kwa faida ya dinari laki sita. Ufunguo ulikuwa chini ya kichwa cha baba yake aliyelala, na Dama hakumwamsha. Mtetezi wa Eliezer atasema Dama alilipwa hapa hapa duniani, kwani mwaka uliofuata ng'ombe mwekundu, mnyama adimu aliyehitajika Hekaluni kwa ibada ya utakaso, alizaliwa katika zizi lake. Jibu hilo halinitoshi. Anayestahili kuwa kielelezo cha amri ya Sinai hawezi kuwa amemsahau Mungu.

Yoshua naye hakufungua mlango ovyo. Marabi walifundisha amri saba za wana wa Nuhu: kuweka mahakama, na kuepuka sanamu, kumkufuru Mungu, zinaa, uuaji, wizi na kula nyama iliyokatwa kwa mnyama aliye hai. Yaani maadili yaliwafunga wanadamu wote kabla ya Sinai.

Karne ya 12 Maimonides, rabi na mwanafalsafa, alimfuata Yoshua, ila akaongeza sharti: mtu azishike amri hizo kwa kuwa Mungu aliziamuru katika Torati, si kwa akili yake tu. Hapo nasita. Sharti hilo halimo katika maneno ya Yoshua, na Eliezer alimsifu Dama bila kuuliza imani gani ilimzuia kumwamsha baba yake.