Haikuwa barua ya mapenzi

Wale mliopata habari kupitia kwa jirani yangu wa meza, futeni kwanza mlichosikia. Sikumwandikia bosi barua ya mapenzi, na wala sikuitandaza ukutani mbele ya kikao kizima. Maneno "mtazame machoni" yalikuwepo, siyakatai, lakini yalikuwa kwenye mabano, na mabano yana kazi yake. Acha nieleze mwenyewe kabla jamaa hajaongeza chumvi nyingine, maana jana nimeletewa toleo jipya ambalo hadi maua yamo.

Mnajua ofisini naitwa Fundi. Sijasomea popote. Niliwahi kuchomoa waya wa printa nikauchomeka tena, printa ikafanya kazi, na tangu hapo cheo kimenigandia. Sasa kompyuta ya Fundi mwenyewe ilikuwa na aibu yake: ukiiwasha tu, madirisha yanafunguka bila kuitwa. Programu ya kuchati, ya muziki, ya printa ambayo hata hatunayo tena, zote mbio kuja kuniamkia. Hizo nilizimaliza mapema. Unabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka, unaenda kwenye orodha ya programu zinazojiwasha, unabofya kulia, unazima. Nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Likabaki dirisha moja tu. Notepad, ile programu ya Windows ya kuandikia maandishi matupu, kila asubuhi, na maandishi haya:

[.ShellClassInfo]
LocalizedResourceName=@%SystemRoot%\system32\shell32.dll,-21787

Nilijua nimedukuliwa. Ile hasi ya mwisho ndiyo iliyonitisha zaidi, nikadhani ni salio langu.

Kumbe mdukuzi ni mimi. Mnavikumbuka vile virusi vya flashi vinavyoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato? Dawa yake wengi wetu tunaijua kwa kichwa: unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika attrib -h -r -s /s /d *.* na vilivyofichwa vinajitokeza. Niliiandika bila kukosea hata herufi. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimesimama kwenye folda yangu ya mtumiaji badala ya kwenye flashi. Amri ikatii, ikafichua kila ilichokikuta, likiwemo faili dogo liitwalo desktop.ini, linaloiambia Windows folda ionekaneje, ndani ya folda ya Startup. Folda hiyo haina mchezo: kilichomo humo Windows inakifungua ukishaingia. Desktop.ini huwa linarukwa kwa sababu lina alama mbili, ya kufichwa na ya mfumo. Mimi nimelivua zote mbili, nalo likapanga foleni na wenzake, likawa linafunguliwa na Notepad kama faili lolote la maandishi.

Kulitibu ni kazi ya dakika moja. Fundi hakulitibu. Fundi alikuwa analifunga kila asubuhi na kuendelea na maisha, huku watu wakimletea kompyuta zao awasaidie. (Nyie mnaocheka, mna kialama chekundu cha "masasisho yanasubiri" tangu lini? Tuheshimiane.)

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Usiku wa kuamkia kikao nilikaa nikaandaa hotuba ya kumwomba bosi nyongeza ya mshahara. Mpango ulikuwa kumvizia baada ya kikao, watu wakishatawanyika. Mimi mbele ya wakubwa ulimi hunifia, kwa hiyo niliandika kila kitu, mpaka mahali pa kupumua. Niliandikia kwenye Notepad makusudi, kwa sababu mimi ni wa enzi za Notepad iliyokuwa ikiuliza: unahifadhi au huhifadhi? Nilikariri, nikafunga dirisha, haikuuliza chochote. Nikasema imeshapotea, safi. Nikalala. Betri nayo ikalala.

Wadau, Notepad ya Windows 11 haiulizi tena hivyo. Tangu mabadiliko yaliyoanza kuletwa 2023, ukiifunga inakutunzia kila ulichoandika hata kama hukuhifadhi, na ikifunguka inavirudisha vichupo vyote (zile tabs za juu ya dirisha, kila moja na hati yake) kama ulivyoviacha. Ni jambo jema sana kwa watu wema.

Asubuhi nikaingia kikaoni na kompyuta imezima. Nikachomeka umeme, nikachomeka waya wa projekta, nikaiwasha. Mbele ya watu wote. Nikaweka nywila kwa vidole viwili vya madaha. Ukuta ukang'aa. Jirani yangu akanong'ona, "Fundi leo umependeza." Nikatabasamu.

Desktop.ini huyo.

Ukutani lilikuwa kubwa kuliko nilivyowahi kuliona, ile 21787 peke yake ina upana wa mlango. Bosi akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikajibu kwa sauti nzito, "Ni mambo ya mfumo, mkuu. Naiondoa." Ningefunga dirisha zima, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini fundi akishatazamwa huanza manjonjo. Nikapeleka kishale taratibu hadi kwenye kile kialama kidogo cha X cha kichupo, ili waone jinsi ninavyojua kulenga. Sikuangalia kichupo cha pembeni. Kwa hati ambayo haijahifadhiwa, Notepad huchukua mstari wa kwanza na kuufanya jina la kichupo. Kwa hiyo tangu sekunde ya kwanza, pale juu ukutani, palikuwa pameandikwa HOTUBA YA NYONGEZA, na walioona walikuwa wameshaona.

Nikabofya. Desktop.ini likaondoka. Nyuma yake kukabaki hiki:

HOTUBA YA NYONGEZA
Shikamoo mkuu. (Usikae mpaka akwambie.)
Nimekuja na jambo dogo. (Siyo dogo. Sema dogo.)
Naielewa hali ya bajeti. (Mtazame machoni. Usitabasamu mapema.)
Akisema tuvumilie: shusha pumzi, tazama dirishani, nyamaza.
Akiuliza kwa nini wewe: TAJA PRINTA.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kulikuwa na ule ukimya wa watu wanaosoma.

Nikakimbilia X ya kichupo hiki nacho. Hapo sasa, ndugu zangu, ndipo Notepad ilipokumbuka adabu zake za zamani. Ukifunga dirisha zima inakaa kimya, lakini ukifunga kichupo chenye maandishi ambayo hayajahifadhiwa, inauliza. Kisanduku kikajitokeza katikati ya ukuta: ningependa kuhifadhi mabadiliko? Watu wote wakageuka kunitazama, kana kwamba na wao wanasubiri jibu.

Mkono ukatetemeka, nikabofya kughairi. Hotuba ikabaki pale pale, imetulia. Nikakumbuka njia ya kitaalamu: kitufe cha Windows pamoja na P, unachagua picha ibaki kwenye kompyuta yako tu, ukuta unazimika. Menyu ikaja. Chaguo nililolitaka lilikuwa la kwanza, juu kabisa, na mimi nilikuwa kwenye la pili. Mshale wa juu mara moja, kisha Enter. Vidole vyangu vikashuka chini, chini, Enter.

La mwisho kabisa ni skrini ya pili peke yake.

Kompyuta yangu ikawa nyeusi tii. Ukuta ukabaki unawaka. Sasa mtu pekee chumbani aliyekuwa haoni hotuba yangu alikuwa mimi. Ili niione ilibidi nigeuke niwape watu mgongo. Nikageuka. Nikakuta bosi ameshavaa miwani.

"Siyo dogo," akasoma kwa sauti. "Sema dogo." Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata funzo. Nikawa napapasa kishale ukutani huku kipanya kiko nyuma yangu, nakivuta kulia kishale kinakwenda nisikokutaka. "Akisema tuvumilie, shusha pumzi, tazama dirishani." Akanyamaza, akazungusha macho chumba kizima. "Fundi, chumba hiki hakina dirisha."

Hapo ndipo walipocheka. Na jirani yangu, ambaye miwani yake aliisahau nyumbani, akawa anamuuliza mwenzake, "Imeandikwa mtazame machoni? Amtazame nani?" Barua ya mapenzi ilizaliwa dakika hiyo.

Nikachomoa waya. Kikao kikaendelea kwa kusomewa karatasi, sikumbuki ajenda hata moja.

Jioni nilimaliza kila kitu kwa hasira. Nilibonyeza Windows na R, nikaandika shell:startup, nikaingia kwenye ile folda na kulifuta desktop.ini. Unaweza pia kulirudishia alama zake kwa attrib +s +h, ila mimi sikuwa na moyo wa kulitunza. Kwenye mipangilio ya Notepad nikachagua ianze upya kila ikifunguliwa badala ya kuendeleza kazi iliyopita. Kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya kuingia, nikazima kile kinachorudisha programu zilizokuwa wazi kabla ya kuzima mashine. Wale ambao madirisha yao yanagoma hata baada ya hayo yote, tafuteni Autoruns, programu ya bure ya Sysinternals wa Microsoft: inaonyesha kila kinachojiwasha, kuanzia sajili ya Windows mpaka kazi zilizopangiwa saa. Msizime msichokijua. Msiniulize nimejuaje.

Bosi aliniita siku iliyofuata, akaniambia niombe kwa maandishi, "bila yale ya mabano." Nimeshapeleka. Printa nimeitaja.

Jirani yangu naye amenijia leo kwa upole usio wake, ana shida kidogo: kompyuta yake ikiwaka inafungua vichupo vya jana vyote vya kivinjari, na hajui vya nini vyote. Nimemwambia hilo ni jambo dogo, aje nayo kwenye kikao kijacho ikiwa imezima, tutaiwashia kwenye projekta.