Usimamizi si marupurupu

Jumanne kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa San Diego lilichangamka. Mtu kabandika tangazo la kazi, na kila anayejua nina masta ya ustawi wa jamii akanitumia tena pembeni, kana kwamba sikuliona. "Dada, wanatafuta Mswahili! Hii yako kabisa." Nikalifungua. Shirika la afya ya akili, wanataka ASW (mwenye masta ya ustawi wa jamii anayefanya kazi chini ya msimamizi akisubiri leseni), anayejua Kiswahili atapewa kipaumbele, mshahara wa kusononesha. Halafu chini kabisa, kwenye orodha ya marupurupu, baada ya bima ya meno na kabla ya maegesho: usimamizi wa kliniki bila malipo.

Bila malipo. Shukrani sana, wakubwa.

Na kwa herufi ndogo kabisa: ukiacha kazi kabla ya miaka miwili, utarudisha gharama ya usimamizi uliopewa.

Niliposema neno kule kundini nikaambiwa nisikatishe watu tamaa. Haya, nalisemea hapa kwangu.

Mlio kwenye njia hii ya California hesabu mnaijua. Masta ya chuo kinachotambuliwa na CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii, alama za vidole, maombi kwa BBS, bodi ya leseni ya jimbo, namba yako ya ASW inatoka. Kisha saa 3,000. Zisizopungua 2,000 ziwe za kliniki yenyewe, na ndani ya hizo 750 za kukaa uso kwa uso na mteja au kikundi kwa tiba ya mazungumzo. Saa 1,700 lazima uzipate chini ya msimamizi ambaye naye ni LCSW, yaani mwenye leseni kamili ya ustawi wa jamii wa kliniki. Wiki 104 za usimamizi. Huwezi kuhesabu zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kwa kuwa wiki 104 ndizo miaka miwili, hata uwe jini hutamaliza chini ya hapo, wala usizubae, maana saa ikizidi umri wa miaka sita kabla hujaomba leseni inakufa. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba mzigo wake wote katwishwa mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote humo ofisini.

Tuanze na kitu ambacho matangazo haya hayasemi. ASW haruhusiwi kutibu mtu bila msimamizi. Maana yake, bila ile saa ya msimamizi kila wiki, shirika halina haki ya kunipangia hata mteja mmoja. Mimi nikishamhudumia mteja, shirika linapeleka bili Medi-Cal, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na linalipwa. Kwa hiyo msimamizi yupo pale ili shirika liweze kufanya shughuli yake. Hakuna mwenye daladala anayemwambia dereva wake, "Nimekuwekea breki, lakini ukiacha kazi utanilipa breki zangu." Akisema hivyo stendi nzima itamcheka. Sisi tunaambiwa hivyo hivyo, kwenye karatasi yenye nembo, na tunajibu asante.

Tunajibu asante kwa sababu anayehitaji saa ni mimi na anayehitaji sahihi ni mimi. Bodi imeandika kila kitu kuhusu msimamizi: awe na leseni kwa angalau miaka miwili katika mitano iliyopita, awe amepata mafunzo ya usimamizi, akae na vikundi visivyozidi watu wanane. Imeandika kila kitu kuhusu mimi pia. Kuhusu mwajiri, lugha inalainika ghafla. ASW anaweza kupata saa zake akiwa mwajiriwa au akijitolea, na mwajiri anahimizwa kulipa malipo ya haki. Anahimizwa! Mimi nikikosa usimamizi wiki moja hakuna anayenihimiza chochote, saa zinafutwa.

Hapo kwenye wiki moja naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia kimyakimya. Wiki ambayo hukukutana na msimamizi, saa zako za wiki hiyo mahali hapo hazihesabiki. Na ukipitisha saa kumi za tiba ya moja kwa moja ndani ya wiki, unadaiwa kipindi kingine cha usimamizi juu ya kile cha kwanza. Sasa, mahali nilipoanzia kazi, nisipopataja, msimamizi wetu aliacha kazi ghafla. Kiti chake kilikaa kitupu zaidi ya mwezi. Mkoba wake wa kubebea laptopu ulibaki umening'inia nyuma ya mlango, na ratiba zetu zikaendelea kujazwa kila Jumatatu kama kawaida: saa tatu mteja, saa nne mteja, saa tano mkutano wa shule ya mtoto wa mteja. Tukamfuata meneja. Akasema, na uso wake mkavu kabisa, "Nyie andikeni tu, atakayekuja atasaini."

Atakayekuja asaini kazi ambayo hakuiona, ya wateja ambao hawajui, chini ya leseni yake? Ile fomu ya saa za wiki ina safu nyembamba pembeni ambamo msimamizi anaweka sahihi yake, wiki kwa wiki. Anayeiweka anaithibitisha kazi ile. Tulikataa kuandika, na tukaomba wateja wetu wahamishiwe kwa wenye leseni hadi mtu apatikane. Ndipo tukageuka kuwa wakorofi, watu "wasio na moyo wa timu". Saa za kipindi kile ziliota mbawa. Sijasikia kwamba shirika nalo lilirudisha chochote kwa yeyote.

Ndiyo maana tangazo la Jumanne limenichoma. Gharama ya usimamizi uliopewa nirudishe, sawa, na gharama ya usimamizi niliotakiwa kupewa nikanyimwa, nani ananirudishia? Wapo wenzetu ambao kazini hakuna LCSW, basi wanamtafuta wa nje kwa makubaliano ya maandishi, na wanamlipa kutoka mfukoni. Mtu ana mkopo wa masomo shingoni, kodi ya nyumba ya San Diego (mnaijua), na kila mwezi anakata fungu la kulipia haki ya kumfanyia mwajiri wake kazi.

Kuna jambo nitalikubali, kwa shingo upande. Usimamizi wenyewe, ukiwa wa kweli, ni kitu kikubwa. Nimewahi kukaa kwenye kikundi ambapo mwenzetu alieleza habari za kijana aliyegoma kwenda shule. Kaeleza vizuri, na vigezo vyote vya sonona, na mpango wa tiba uliopigwa pasi. Msimamizi kamsikiliza hadi mwisho, kauliza swali moja tu: "Nani mwingine analala kwenye nyumba hiyo?" Mwenzetu hakuwa amejibiwa swali hilo na mtu yeyote kwa sababu hakuna aliyeuliza. Wiki iliyofuata tukajua nani alikuwa analala kwenye nyumba hiyo, na kesi ikageuka nyingine kabisa, ya kuripotiwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeniambia miaka miwili ya kusimamiwa ni urasimu mtupu, mimi simo. Sisi wenyewe tunao watu, wengine wanahubiri Jumapili, wanaojiita washauri nasaha baada ya semina ya wikendi, na ndoa za watu wamezivuruga. Nataka usimamizi. Nautaka kiasi cha kuudai.

Halafu kuna la kwetu sisi wa Kiswahili, ambalo hao wenye kipaumbele cha lugha hawaligusi. Sheria inanitaka nimwambie mteja kabla ya yote kwamba sina leseni na kwamba nasimamiwa. Nakubaliana nayo. Lakini ukae siku moja na mama wa Kikongo aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka, kaja na kitambaa chake na bahasha ya karatasi zote alizowahi kupewa na serikali yoyote.

"Mama, kabla hatujaanza, nakuambia ukweli, bado sijapata leseni. Nafanya kazi chini ya msimamizi."

"Eh! Basi niitie huyo mwenye leseni."

"Yeye hajui Kiswahili, mama."

Kaniangalia. Kaangalia mlango. "Basi kaa, mwanangu, tuongee."

Tukaongea. Baadaye niliandika maelezo kwa Kiingereza, msimamizi akayasoma kwa Kiingereza, akanishauri kwa Kiingereza kuhusu mazungumzo ambayo hakuna neno lake hata moja lililosemwa kwa Kiingereza. Alifanya awezavyo na simlaumu. Lakini yale niliyoyasikia kwenye kimya cha yule mama kati ya sentensi mbili, hakuna LCSW katika jengo lile ambaye angeweza kuyasikia hata kama ningemwekea kinasa sauti. Jibu la hilo ni kuwa na wasimamizi Waswahili, na msimamizi Mswahili hapatikani mpaka ASW Waswahili wamalize saa zao, na hawamalizi, kwa sababu ya mambo yote niliyoyasema hapo juu.

Na kwa sababu ya "dakika mbili tu". Mnaijua hii. Unachapa maelezo yako, mtu wa mapokezi anachungulia: "Samahani, unaweza kuja kututafsiria dakika mbili tu?" Dakika mbili zinakula saa nzima: fomu ya nyumba, barua ya shule, simu ya hospitali. Huwezi kukataa, yule aliyeko dirishani ni mzee wa watu na umeshamwamkia shikamoo. Siku ya kujaza fomu unatafuta safu ya kuandika ukalimani. Haipo. Si tiba, si tathmini, wala kwenye zile saa 1,000 zisizo za kliniki sijaona mahali pa kuuchomeka bila kudanganya. Mkalimani halisi angelipwa kwa saa. Wewe umepewa kipaumbele.

Mtihani wa leseni sitauongelea sana, nitapandisha presha. Itoshe kwamba ASWB, wanaouandaa mtihani huo, wenyewe walitoa takwimu Agosti 2022, baada ya kusumbuliwa sana: katika mtihani wa kliniki mwaka 2021, wazungu waliofaulu kwa jaribio la kwanza walikuwa karibu asilimia 84, weusi asilimia 45. Ada ni dola 260, na ukifeli unalipa tena. Halafu kila mwaka wanaandaa kongamano, na keki, kuuliza mbona wataalamu weusi ni wachache.

Na nyie mnaoniandikia kutoka nyumbani, mwenye masta ya Tanzania au Kenya: shahada yako itapitishwa kwanza CSWE ilinganishwe na ya kwao, kozi kwa kozi. Usifunge mizigo kabla hujapata jibu lao kwa maandishi.

Ninachotaka ni vitu ambavyo vinaweza kuandikwa kwenye sheria na mtu yeyote mwenye kalamu. Shirika linaloitoza serikali kwa kazi ya ASW limgharimie msimamizi, na lisiruhusiwe kumdai mfanyakazi gharama hiyo aondoke lini aondokavyo. Msimamizi akiondoka, shirika lipewe muda wa kuleta mwingine, na katika muda huo kipato cha ASW kisiguswe wateja wake wakihamishwa. Na neno "anahimizwa" litolewe, liwekwe "lazima". Wabunge wa jimbo wapo Sacramento, na vyama vyetu vya kitaaluma vinachukua ada kila mwaka. Vifanye kazi.

Kwa mliopanga kuomba ile kazi ya Jumanne, na najua mtaomba, kodi haisubiri sheria: ulizeni kwenye usaili msimamizi ni nani kwa jina, leseni yake ni LCSW au nyingine, na akiugua nani anashika nafasi yake wiki hiyo. Mkataba wa usimamizi usainiwe mapema, msizidishe siku 60 tangu usimamizi uanze. Kile kipengele cha kurudisha gharama ombeni kifutwe, kwa maandishi. Wakikataa, angalau walazimike kusema kwa mdomo wao kwamba wanakataa. Na fomu ya saa ipate sahihi kila Ijumaa, mpige picha, nakala ikae nyumbani kwenu. Kabati la ofisi si lenu.

Kama kuna LCSW anayejua Kiswahili popote California anasoma hapa, mwenye nafasi ya kusimamia hata mtu mmoja, aniandikie. Ninao watu wanaosubiri.