Kila Fundi na Karatasi Yake

Watu wanadhani kuchora ramani kwa kompyuta ni kazi ya kukaa chini ya feni na kubonyezabonyeza mausi. Mama mwenye nyumba wangu huwaambia wapangaji wenzangu, "Yule kazi yake ni kucheza gemu, ila wanamlipa." Simlaumu. Hajawahi kupigiwa simu na mafundi wa saiti moja, wote kwa mpigo, kila mmoja akiwa ameshika karatasi ambayo anaapa si yake.

Jengo lenyewe ni la gorofa nne tu, huko Goba. Lakini mafundi, baba! Kuna wa nondo, waashi, wa umeme, wa bomba, wa aluminiamu, wa jipsamu, wa marumaru na wa rangi. Kila kundi lina kiongozi wake, simu yake na imani zake. Wote wananiita injinia. Nimeshawaambia mimi si injinia, ni mchoraji tu, wakanijibu, "Sawa, injinia." Siku hizi naitika.

Mwanzoni niliwapa karatasi moja yenye kila kitu: kuta, nyaya, mabomba, nondo na vipimo. Fundi umeme akanipigia. "Injinia, hii ni ramani au supu ya utumbo?" Nikaona ana hoja. Nikaamua kila kundi lipate karatasi yake, yenye mambo yake tu.

Na kwa AutoCAD, programu ninayochorea, hilo wala si kazi kubwa. Jengo unalichora mara moja tu, kwa saizi yake halisi, halafu unatengeneza karatasi nyingi, kila karatasi ina dirisha linalochungulia jengo lile lile. Vitu unavipanga kwenye leya, yaani matabaka ya mchoro: kuta leya yake, soketi leya yake, maji safi yake, maji machafu yake. Kwenye dirisha la fundi umeme unagandisha leya za mabomba, yaani unazificha, kwenye la fundi bomba unagandisha soketi. Kuta unaziacha kwa wote, kwa rangi ya kijivu iliyopauka, ili mtu ajue yuko chumba gani. Ukihamisha ukuta, umehama kwenye karatasi zote. Raha tupu. Alama ya leya inayoonekana ni jua, na ya iliyogandishwa ni kipande cha theluji. Sisi huku Dar theluji tunaiona kwenye picha za Kilimanjaro, halafu unategemea kijana wa field aliyezaliwa Mbagala aibonyeze kwa ufasaha.

Maana theluji zenyewe ziko mbili. Moja inagandisha kwenye dirisha ulilomo tu, nyingine inagandisha kwenye faili zima. Kijana akabonyeza hiyo ya faili zima, akachapa, akapeleka saiti, akaenda kula chipsi. Kesho yake fundi bomba hewani: "Injinia, za asubuhi. Samahani, nauliza tu. Hawa wenye nyumba hawaendi chooni?" Nikafungua faili. Vyoo vyote, masinki yote na mabafu yote vimeganda. Limebaki gorofa kavu, kama wakazi wake watajisaidia kwa jirani.

Hayo ya kompyuta yana dawa, unabonyeza mara moja jua linarudi. Mtihani ni karatasi ikishatoka mlangoni. Leya inagandishika, fundi hagandishiki.

Chukua suala la saizi. Michoro nimeiandaa kwa A1, kipimo cha moja kwa mia, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya jengo. Bosi akaulizia bei ya kuchapa kule Kariakoo, akashika kichwa, akasema, "Wachapie A3, si itaonekana tu?" Itaonekana, bosi, ila A3 urefu wake ni nusu ya A1, kwa hiyo moja kwa mia inageuka moja kwa mia mbili. Pembeni nimeandika kwa herufi kubwa: USIPIME KWA RULA, SOMA VIPIMO. Fundi aluminiamu akapima kwa rula. Vipimo, anasema, vilikuwa vidogo mno kusomeka. Dirisha la sebuleni la mita 1.8 likamtokea sentimita 90. Namshukuru, alishtuka kabla ya kukata vyuma. Alinipigia akauliza kwa adabu kabisa, kama sebule hiyo ni ya watu au ya njiwa.

Halafu kuna marekebisho. Mama mwenye jumba anakaa na kubuni usiku. Saa nne usiku inaingia voisi ya WhatsApp: jiko lisogee kidogo upande wa upepo. Kidogo! Nasogeza jiko, leya zote zinafuata bila manung'uniko, nabadilisha namba na tarehe kwenye kile kisanduku cha chini kulia, nazungushia kiwingu pale palipobadilika, nachapa upya. Kile kisanduku ndicho kitu ninachokiandika kwa uangalifu kuliko vyote, na nina hakika ndicho kisichosomwa kuliko vyote. Mafundi hawaiti karatasi kwa namba. Kwao E-102 ni "ile yenye mistari myekundu". Na kwa kuwa bosi anachapa nyeusi tupu kubana matumizi, hiyo yenye mistari myekundu haijawahi kufika Goba.

Fundi mwashi ndiye kabisa. Nikampa karatasi mpya, akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa saruji, akaendelea na ya zamani. Nikamwuliza vipi, fundi. Akaigeuza ya zamani nyuma. Kulikuwa na hesabu za kalamu ya risasi: mifuko ya saruji iliyoingia, tripu za mchanga, na orodha ya saidia fundi waliokopa hela ya chai. Mmoja kakatwa mstari, pembeni kaandikiwa "katoroka". Akaniambia, "Hii siwezi kuitupa, injinia. Humu kuna madeni yangu." Sasa utabishana na nini? Jiko limesogea, madeni hayajasogea.

Wengine hawana karatasi kabisa. Mmoja kapiga picha karatasi ya mwenzake, simu ina ufa katikati, kakata kisanduku cha tarehe, kairusha kwenye grupu la saiti. Hiyo picha ndiyo ramani rasmi sasa. Ule ufa wa kioo nilishaulizwa kama ni bimu.

Ikafika siku ya ukuta wa jiko, gorofa ya pili. Fundi bomba kalaza bomba zake, kafukia, kajaza maji kupima kama zinavuja. Fundi umeme kaja na patasi, kachana ukuta hapo hapo kupitisha soketi ya friji. Maji yakamruka kifuani. Nikaitwa na mkutano mzima, spika imewashwa.

"Injinia, mbona kwenye karatasi yangu hakuna bomba hapa?"

"Kaka, si wewe uliyesema nikutolee mabomba?"

"Nilisema uyatoe kwenye karatasi. Sikusema uyaache ukutani."

Nikakaa kimya. Jibu la hilo halipo kwenye AutoCAD.

Basi nikatengeneza karatasi ya pamoja: leya zote za kupita ukutani, kila kundi na rangi yake, A1, ibandikwe pale ofisi ya mabati wote wawe wanaipitia kabla ya kugusa patasi. Bosi akaitazama. "Hii ya fundi gani?" Ya wote. "Sasa ya wote nani anailipia?" Kwa fundi umeme ingelipiwa, kwa fundi bomba ingelipiwa, lakini ya wote haina fungu. Mwisho nikaichapa kwa hela yangu ya nauli, nikarudi Sinza kwa miguu hadi nilipokutana na bodaboda mwenye huruma.

Nilipofika saiti wiki iliyofuata, sikuamini. Saa ya chakula, mafundi wote wameizunguka ile karatasi! Wa umeme, wa bomba, mwashi, hadi wa rangi ambaye kazi yake bado kabisa. Nikasogea nikiwa nimevimba kifua. Wameilaza juu ya ubao, wamepiga mistari kwa kalamu ya seremala, vyumba 64, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Nikamshika bega fundi umeme. "Soketi ya jikoni umeiona lakini humu?"

"Nimeiona, injinia," akajibu bila kuinua macho. "Ipo chini ya kete ya mwashi. Subiri nimle kwanza."